HESABU INAANZIA MU KIWANJA CHA MCHEZO



Mara hii somo letu linawahusu kwanza ninyi wa seksio pedagojiki, ambao siku zinazokuja mtakwenda staji mu kalasi za masomo ya msingi. Lakini wa seksio zingine wasifunge karatasi. Kila mmoja wetu iko na mdogo wake ku nyumba, na jioni yule mdogo anakuja na kaye ya hesabu mkononi na machozi machoni.

Tunasema hivi: mtoto ambaye mu kalasi anaambiwa "hauna kichwa ya hesabu", mara nyingi saa ya rekreasio anafanya hesabu nzuri kabisa, tena upesi kuliko mwalimu. Anahesabu mapigo, anagawa mawe, anajua nani amekula ngapi na nani anadanganya. Kisha kengele inalia, anaingia, anakaa ku banki, na ile akili anaiacha inje pamoja na mpira. Kazi ya mwalimu ni kuisindikiza ile akili mpaka ipite mlangoni.

Mtu asifikiri ni maneno ya kufurahisha watoto. Jambo hili lilipimwa. Mwaka 1985 wataalamu watatu wa mji wa Recife, inchi ya Brazili, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walitangaza kazi waliyofanya na watoto watano wa miaka 9 mpaka 15, waliokuwa wakiuza nazi na vitu vingine sokoni na barabarani. Waliwakaribia kama wanunuzi: hizi ni bei gani, nikitaka kumi je, nikikupa noti hii utanirudishia ngapi? Watoto walijibu vizuri mara 98 katika 100. Kisha waliandikiwa hesabu za namna ileile ku karatasi, namba tupu, kama mu masomo. Sasa walipata 37 tu katika 100. Watoto ni walewale, hesabu ni zilezile. Mmoja aliulizwa bei ya nazi kumi, nazi moja ikiwa 35. Hakuongeza sifuri nyuma ya 35 kama tunavyofundisha. Alisema tatu ni 105, tena tatu 210, tena tatu 315, na moja iliyobaki, 350. Njia yake ni ndefu lakini haina kosa, na yeye mwenyewe ndiye aliyeitengeneza.

Hapa Hewa Bora tunao watoto wa namna ile, wanaosaidia mama zao kuuza mbele ya lupango. Lakini leo tuache soko, tubaki mu kiwanja cha mchezo, kwa sababu pale kila mtoto anafika, hata yule ambaye mama yake hauzi kitu.

NZANGO

Wavulana, msicheke. Nzango ndio mchezo wenye hesabu nyingi kuliko yote inayochezwa mu kiwanja chetu, na wasichana ndio wenye mchezo huo. Mwaka 2015, wakati wa Michezo ya Afrika kule Brazzaville, nzango ilionyeshwa mbele ya mataifa. Basi asiyeiheshimu leo amekawia.

Wote mnajua vile inakwenda. Wawili wanatazamana, wanaimba, wanapiga makofi, wanaruka, na wakishuka kila mmoja anatoa mguu. Mbele ya kuanza walipatana: mmoja amechukua "sawasawa", mwingine amechukua "mbalimbali". Miguu ikilingana, wa kwanza anapata. Isipolingana, wa pili anapata. Kwa kuwa wanatazamana uso kwa uso, kila kundi iko na desturi yake ya kusema mguu gani unalingana na gani. Mu somo hili tutachukua desturi iliyo nyepesi: kushoto na kushoto ni sawasawa, kuume na kuume ni sawasawa, vingine vyote ni mbalimbali.

Sasa mwalimu anasimama kando na kuuliza swali moja tu: "Miguu inaweza kutoka kwa njia ngapi?" Watoto watajibu upesi: mbili. Usiseme "hapana". Waambie wasimame wawili na kuonyesha polepole njia zote, na wengine waandike kwa kijiti mu udongo. Watapata wewe kushoto mimi kushoto. Wewe kushoto mimi kuume. Wewe kuume mimi kushoto. Wewe kuume mimi kuume. Ni nne. Pale patatokea ugomvi, kwa sababu mtoto mmoja atasema ya pili na ya tatu ni njia moja. Uache ugomvi uendelee kidogo. Ule ugomvi ndio somo lenyewe, na kuna watu wakubwa wenye diplome ambao hawajaumaliza. Wakisha kukubali ni nne, uliza: ngapi ni za "sawasawa"? Mbili. Ngapi za "mbalimbali"? Mbili. Basi mchezo ni wa haki, hakuna aliyepewa zaidi. Mtoto wa miaka kumi amekwisha kufanya hesabu ya bahati, ambayo ninyi mnaikuta mu buku za kalasi za juu.

Kwa watoto wadogo zaidi, wa mwaka wa pili ao wa tatu, mguu wa kushoto upe namba 1 na wa kuume namba 2, kisha jumlisha. Moja na moja, mbili. Mbili na mbili, ine. Moja na mbili, tatu. "Sawasawa" daima inaleta namba inayogawanyika kwa mbili, na "mbalimbali" daima inaleta ile isiyogawanyika. Watoto wanaweza kuruka na kuita jumla badala ya kuita jina. Baada ya siku tatu hakuna atakayesahau kama namba mbili zisizogawanyika kwa mbili, zikikutana, zinazaa inayogawanyika.

Na sasa ninyi wakubwa. Mmelia sana na ile kanuni kwamba kutoa mara kutoa ni kujumlisha. "Mwalimu, inawezekana namna gani?" Mpeni mguu wa kushoto alama ya −1 na wa kuume alama ya +1, na badala ya kujumlisha, zidisheni. Kuume na kuume: +1 mara +1, ni +1. Kushoto na kushoto: −1 mara −1, ni +1. Kushoto na kuume: −1. Basi + ni "sawasawa" na − ni "mbalimbali". Kanuni yote ya alama, ile mistari mine mnayoikariri kama shairi, iko mu miguu ya wasichana wawili. Tuseme ukweli: mchezo huu hauthibitishi kanuni, thibitisho utalipata mu buku. Lakini unaipa mwili, na kitu chenye mwili kinakumbukwa saa ya mtihani wa Serikali.

Kuna jambo lingine, na hili ndilo linanipendeza zaidi. Chukueni wachezaji wawili, waruke mara 20, na wengine waandike nani alipata. Kama wote wawili wanatoa mguu bila mpango, mtaona kitu kama 9 kwa 11, ao 12 kwa 8. Lakini kuna msichana ambaye, acheze na nani, anapata 16 katika 20. Wenzake wanasema iko na bahati. Hapana. Bahati tupu inaleta 16 ao zaidi, kwa mchezaji uliyemtaja mbele, chini ya mara 1 katika 100. Yule msichana anawasoma. Ameona kama mwenzake akishinda kwa kuume anarudia kuume, ao kama akichoka anatoa kushoto tu. Namna ya kumshinda ni moja: uchanganye miguu mpaka wewe mwenyewe usijue kesho yake, nusu kwa nusu, bila zamu. Mwaka 1928 John von Neumann, mtu wa hesabu aliyezaliwa Hungaria, alithibitisha juu ya michezo ya namna hii, ambamo mmoja akipata mwingine anapoteza, kwamba kila mchezaji iko na mchanganyo ulio bora, ambao mwenzake hata akiujua hatafaidika nao. Kwa nzango mchanganyo ule ni nusu kwa nusu. Wasichana wetu hawajasoma von Neumann, lakini miguu yao inamtafuta.

Nasema hili kwa kusudi. Tunasikia bado watu wanaosema hesabu si ya wanawake. Mtu wa maneno yale asimame mbele ya yule wa 16 katika 20, aruke naye, tuone.

MAWE

Tupite ku mchezo wa mawe, ule unaokaa chini, unarusha jiwe moja juu, na mbele ya kulidaka unatoa mengine mu duara. Jirani zetu wa Zambia wanauita chiyato. Watanzania wanasema mdako. Kila mahali kanuni zinabadilika kidogo. Chukueni hii: mu duara kuna mawe 12. Mu mzunguko wa kwanza unatoa moja moja; mu wa pili, mbili mbili; mu wa tatu, tatu tatu; na kuendelea.

Mtoto anajua bila kufundishwa kama moja moja ni kurusha mara 12, mbili mbili ni mara 6, tatu tatu mara 4, ine ine mara 3. Akifika ku tano tano anakasirika: mara mbili, na mawe mawili yanabaki yakimwangalia. Hapa ndipo mwalimu anaingia. "Yale mawili yanaitwa namna gani?" Watoto wetu wanayaita mabaki, na mu buku pia ni mabaki, hakuna neno jipya la kufundisha. Mwandikie ku ubao: 12 = 5 × 2 + 2. Amekwisha kuicheza, sasa anaisoma tu.

Kisha ongeza jiwe moja kwa siri, yawe 13. Utasikia kelele. Mbili mbili, moja linabaki. Tatu tatu, moja linabaki. Ine ine, moja linabaki. Tano tano, matatu yanabaki. Hakuna mzunguko unaokwisha vizuri isipokuwa wa moja moja na ule wa kuzoa yote mara moja. Mtoto atasema: "Mwalimu, hii namba iko mubaya!" Muulize kama kuna zingine mbaya kama hii. Watajaribu na mawe 14, 15, 16, 17. Ndani ya juma moja watakuwa na orodha: 11, 13, 17, 19. Hizo ndizo zinaitwa namba tasa.

Namba hizohizo nne ziko ku mfupa mmoja unaojulikana dunia nzima, nao ulitoka inchini mwetu. Mwaka 1950 mtaalamu wa Ubelgiji Jean de Heinzelin alichimba kule Ishango, karibu na Ziwa Edward, akapata mfupa mdogo wenye mikato iliyopangwa kwa makundi. Umri wake unahesabiwa kuwa karibu miaka 20,000, na sasa unatunzwa Bruxelles. Mu safu moja ya mfupa makundi ni 11, 13, 17 na 19. Wengine walisema watu wa kale walijua namba tasa. Wengine wanakataa, wanasema pengine ni hesabu ya siku za mwezi, ao alama za kushika vizuri tu. Mimi nisingesimama mbele ya watoto kuwaambia babu zetu walijua namba tasa, kwa sababu mfupa hausemi. Lakini kwamba mtu alikaa pale ziwani na kuhesabu kwa mikato, hilo linaonekana, na watoto wanaoandika magoli ku ukuta kwa kaa la moto wanaendelea na kazi yake.

MSTARI MMOJA MU MCHANGA

Mwanzoni mwa karne ya 20 Emil Torday, Mhungaria mmoja aliyekuwa akitembelea Wakuba wa Kasai, alikuta watoto wamekaa mu mchanga wanachora. Wakamwita na kumwomba achore namna yao, mstari mmoja usiokatika, bila kuinua kidole na bila kupita njia moja mara mbili. Akashindwa, na watoto wakafurahi sana. Mchezo ule ule, kule Ulaya, ulikuwa umempa kazi Leonhard Euler mwaka 1736, alipoulizwa kama mtu anaweza kutembea mji wa Königsberg na kupita kila daraja mara moja tu. Jibu la Euler mtoto wa mwaka wa sita anaweza kulishika: hesabu njia zinazokutana ku kila pembe. Pembe ambazo idadi ya njia zake haigawanyiki kwa mbili zikiwa sifuri ao mbili, mchoro unachoreka. Zikizidi hapo, usijisumbue.

Wachokwe, ambao wako Angola, Zambia na upande wetu wa magharibi wa Katanga ya zamani, wana mchezo ulio mkubwa zaidi, unaoitwa sona. Mchoraji anaanza kwa kutia nukta mu mchanga kwa ncha za vidole, zikiwa zimepangwa vizuri, kisha anapitisha mstari unaozunguka nukta zote, huku akitoa hadithi. Paulus Gerdes, mwalimu mkubwa wa hesabu wa Msumbiji aliyekufa mwaka 2014, alitumia miaka mingi kuonyesha hesabu iliyo ndani yake. Tutachukua mchoro mmoja tu, ule unaofanana na mkeka, kwa sababu unaweza kufanywa kesho ku simenti ya baraza kwa chaki.

Chora kare kubwa zilizoshikana, misitari miwili yenye kare tatu tatu, jumla sita. Katikati ya kila kare tia nukta. Sasa mtoto mmoja asimame katikati ya upande wa chini wa kare ya pembeni na aanze kutembea kwa mshazari, kutoka katikati ya upande mpaka katikati ya upande unaofuata, bila kukanyaga nukta. Akiingia mu kare ya pili aendelee vilevile. Akifika ku ukingo wa inje ageuke kama mpira uliopiga ukuta. Mwenzake amfuate na chaki. Atazunguka, atagonga ukingo mara 10, na atarudi pale alipoanza, amezunguka nukta zote sita kwa njia moja.

Rudieni sasa na misitari miwili ya kare ine ine. Mtoto atarudi nyumbani mapema, na nusu ya mchoro haijaguswa! Lazima mwingine aanze njia yake. Njia mbili. Tatu kwa tatu: njia tatu. Tatu kwa ine: njia moja. Ine kwa sita: mbili. Andikeni ku ubao, msiseme kitu, muwaache watoto watazame. Wa masomo ya msingi watakwambia wakati gani inakwenda kwa njia moja. Ninyi wa mwaka wa kwanza sekondari mnapaswa kusema zaidi: idadi ya njia ndiyo PGCD ya namba mbili za kare. Ile PGCD mliyoifanya kwa kugawa-gawa mpaka mkono ukauma, hapa mtoto anaitembea kwa miguu.

Nimeona wanafunzi wasiopenda hesabu hata kidogo wakibaki ku baraza saa moja nzima baada ya kengele wakitafuta kama 5 kwa 7 inakwenda. (Inakwenda.)

MPIRA NA KAMBA

Juu ya mpira sitakawia; kila mtu anajua pointi 3 za kushinda na 1 ya sare. Lakini kwa namba zenye alama ya kutoa hakuna mfano mzuri kama tofauti ya magoli. Kumbukeni Desemba 2010, TP Mazembe yetu mu Kombe la Dunia la vilabu kule Abu Dhabi: walishinda Pachuca ya Mexico 1–0, wakashinda Internacional ya Brazili 2–0, na ku finali wakapigwa na Inter Milan 3–0. Andika +1, +2, −3. Jumla ni sifuri. Timu ya kwanza ya Afrika kufika finali ile, na tofauti yake ya magoli ni sifuri! Mtoto wa Lubumbashi hasahau mfano ule.

Kamba inafaa kwa jambo lingine, yaani kujua makumi. Watoto wanaruka na kuhesabu kwa Kifaransa, kwa sababu wanaona ni namna ya masomo. Sikilizeni vizuri: wengi wakifika "dix" wanaimba tu maneno, hawaoni namba. "Onze" haimwambii mtoto kitu. Lakini "kumi na moja" inamwambia yote: kumi, na moja juu yake. Mababa zetu wa hapa walisema hata vizuri zaidi: badala ya "sabini na tano" walisema "makumi saba na tano", na bado tunawasikia wazee wakisema hivyo. Mu neno lile namba 75 inaonekana yote, saba za makumi na tano za moja moja, kama vile inavyoandikwa. Basi watoto waruke na kuhesabu kwa Kiswahili, na kila wakifika kumi mtu mmoja aweke jiwe kando. Mruko ukikatika, wanatazama mawe: mawe 4, na miruko 3 ya mwisho. Makumi ine na tatu. Andika 43. Kifaransa kitafuata, na kitakuta nyumba imekwisha kujengwa. Hatufanyi magendo, sheria ya elimu ya Februari 2014 imeipa lugha ya mtoto nafasi yake mu masomo ya msingi.

WATAKAOWAPINGA

Siku ya kwanza ya staji mzazi atasimama ku mlango.

"Mwalimu, mutoto yangu nilimutuma asome, haiko kucheza-cheza."

Usimjibu kwa hasira. Mwambie: "Mama, karibu, ukae kidogo." Mwite mtoto wake, umpe mawe 17, umwambie ayagawe kwa watu watano. Mtoto ataweka tatu tatu na kusema mbili zinabaki. Kisha mpe chaki, aandike ku ubao 17 = 5 × 3 + 2. Mama akiona ile alama ya ubaoni, ataelewa. Na hapo mzazi iko na haki yake moja: kama mtoto angecheza tu na kusiandikwe kitu, angekuwa na sababu ya kulalamika. Watoto wa Recife walijua hesabu za barabarani, lakini karatasi iliwashinda, kwa sababu hakuna aliyewavusha. Mchezo bila ubao unamwacha mtoto barabarani. Dakika kumi na tano inje, kisha ndani, na kila mtoto aandike alichokifanya mu kaye yake.

Kuna hatari ya upande mwingine. Mwalimu mwenye bidii anageuza nzango kuwa interogasio, anaanza kutoa alama juu ya miruko, na watoto wanauchukia mchezo wao wenyewe. Usichukue mchezo wao wote. Uliza swali moja, kisha ondoka.

Mtasema pia: mu kalasi kuna watoto wengi mno. Ni kweli. Tangu masomo ya msingi ya Serikali yalipofanywa bure mu Septemba 2019, watoto walijaa, na ni vizuri wamekuja, lakini banki hazikuzaa. Pale ambapo kuna buku moja kwa watoto kumi, mawe hayakosekani, na kiwanja ni kikubwa kuliko kalasi. Gawa: nusu wanacheza, nusu wanaandika matokeo, kisha wanabadilishana. Wale wanaoandika ndio wanaojifunza zaidi, lakini usiwaambie, wasije wakakataa kucheza.

MAZOEZI

Kwa wote: chora nyumba, yaani kare yenye msalaba wa pembe kwa pembe ndani yake, na paa la pembe tatu juu. Ichore bila kuinua kreyo. Uanzie wapi? Kisha ondoa paa, ujaribu tena, na ueleze kwa nini inakataa.

Kwa mwaka wa kwanza na wa pili: umechimba matundu 16 ya kisolo kwa kuzunguka, yenye namba 1 mpaka 16. Unatoa mbegu 14 mu tundu la 5 na kupanda moja moja kuanzia la 6. Mbegu ya mwisho inaanguka wapi? Na kama zingekuwa 30? Tafuta bila kupanda.

Kwa seksio pedagojiki: kare 6 kwa 9 ku simenti ya baraza. Sema kwanza kutakuwa njia ngapi na kila njia itagonga ukingo mara ngapi, kisha mtembee.

Majibu yaletwe kwa mwalimu wa hesabu mbele ya Ijumaa saa sita. Jibu lisilo na mchoro halitapokelewa.